Kuiba, Kunyang'anya na Kuvunja: Maneno ya Kiingereza Yanayokaribiana kwa Maana Katika Sajili ya Mahakama

Mwanafunzi wa Kiswahili anapofunzwa visawe kwa mara ya kwanza hutajiwa jozi kama 'shule' na 'skuli', 'ndovu' na 'tembo', kisha huambiwa kwamba haya ni maneno yenye maana moja. Si uongo. Hata hivyo, funzo hilo humwachia mazoea mabaya, kwani huanza kuamini kwamba maneno yoyote mawili yaliyoandikwa bega kwa bega katika kamusi yanaweza kubadilishana nafasi bila hasara. Anapofika katika somo la tafsiri, huihamishia imani hiyo kwenye Kiingereza. Hukutana na neno 'theft', akafungua kamusi, akapata 'wizi'. Hukutana na 'robbery', akapata 'unyang'anyi', na pengine 'wizi' tena baada ya mkato. Hukutana na 'burglary', akapata 'wizi wa kuvunja nyumba'. Mwishowe huhitimisha kuwa Waingereza wana maneno matatu kwa jambo moja, na kwamba tofauti iliyopo ni pambo tu. Katika karatasi ya mtihani hitimisho hilo litamgharimu alama mbili au tatu. Katika chumba cha mahakama, mwanafunzi yuyo huyo akiwa sasa ni mkalimani, gharama hulipwa na mtu mwingine, wala hailipwi kwa alama.

Makala haya yanayachunguza maneno hayo matatu, pamoja na jirani zake wachache, kwa nia ya kuonyesha mahali hasa ambapo tofauti zake zimejificha. Sajili ya mahakama imechaguliwa kwa makusudi. Katika mazungumzo ya kawaida maneno yanayokaribiana kwa maana huweza kuchanganywa na watu wakaendelea kuelewana. Mahakamani kila neno lina mpaka uliopimwa, na kuvuka mpaka huo ni kubadilisha shtaka.

Ili kuelewa kwa nini Kiingereza kina wingi wa maneno ya aina hii, ni sharti kurudi nyuma hadi mwaka 1066, Wanormandi walipoivamia Uingereza na kuitawala. Tangu hapo, Kifaransa kikawa lugha ya watawala na, baadaye, ya mawakili. Kilatini kikawa lugha ya kanisa na ya kumbukumbu. Kiingereza kikabaki vinywani mwa raia. Mwaka 1362 ilitungwa sheria iliyoagiza kesi ziendeshwe kwa Kiingereza, kwa hoja kwamba watu hawakuwa wakielewa yaliyosemwa kwa ajili yao au dhidi yao. Msomaji wa Kenya hatakosa kutabasamu hapo. Kumbukumbu nazo ziliendelea kuandikwa kwa Kilatini hadi karne ya 18.

Lugha hizo tatu hazikufukuzana, ziliachiana urithi. Ndiyo maana Kiingereza kina 'ask' kutoka kwa wenyeji, 'question' kutoka Kifaransa na 'interrogate' kutoka Kilatini, yote yakihusu kuuliza. Lakini mtoto huuliza kwa neno la kwanza, na polisi huuliza kwa la tatu. Maneno ya uhalifu yamepitia njia iyo hiyo. 'Steal' na 'theft' ni maneno ya wenyeji, na 'steal' ni ndugu wa 'stealth', yaani hali ya kutenda jambo kwa kunyemelea. 'Rob' liliingia kupitia Kifaransa, nalo ni la ukoo mmoja na 'robe', joho, kwa kuwa zamani neno hilo lilimaanisha nyara, hasa mavazi aliyovuliwa adui. 'Burglary' lilizaliwa katika Kifaransa na Kilatini cha mahakama zenyewe. Hata kitenzi chake, 'burgle', hakikuundwa hadi karne ya 19. Kwa hivyo tangu asili neno la kwanza lina siri ndani yake, la pili lina mtu anayevuliwa, na la tatu lina nyumba.

Tofauti hiyo haikubaki katika historia. Imo katika sarufi, mahali ambapo wanafunzi wengi hawafikirii kuitafuta. 'Steal' huchukua kitu kuwa shamirisho yake: kuku, ng'ombe, pesa. 'Rob' humchukua mtu au mahali: msafiri, duka, benki. Anayesema kwa Kiingereza kwamba simu yake ilikuwa 'robbed' amesema, kwa kweli, kwamba simu ndiyo iliyovamiwa na kupokonywa mali. Kiswahili nacho kina utaratibu unaokaribia huu. Kitenzi 'iba' hutaka kitu, na ili mtu aingie katika sentensi ni lazima kinyambuliwe katika kauli ya kutendea: 'kumwibia mtu'. Kitenzi 'nyang'anya' humpokea mtu moja kwa moja, bila mnyambuliko wowote: 'kumnyang'anya mtu pesa'. Kwa maneno mengine, mnyang'anyi hukabiliana na mtu, ilhali mwizi hukabiliana na kitu, na mwenyewe hujua baadaye. Kichwa cha habari kisemacho kwamba majambazi 'waliiba benki' humfanya msomaji makini ajiulize waliibeba kwa lori gani.

Isidhaniwe, basi, kwamba Kiswahili ni maskini katika uwanja huu. Anayechota nyama kidogo kidogo kutoka chunguni hudokoa. Anayetoa pochi mfukoni mwa abiria kwa vidole vyepesi huchopoa. Anayenyakua mkoba na kutimua mbio hukwapua. Anayeuvuta kutoka mikononi mwa mwenyewe hupokonya. Kundi linaloingia dukani wakati wa ghasia na kubeba kila kitu hupora. Haya ni maneno yenye macho makali. Lakini yakitazamwa vizuri, yote yameigawa dunia kwa kuangalia mkono unavyotembea: kwa wepesi, kwa kasi, kwa nguvu, kwa pupa. Sheria iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza haikuigawa dunia hivyo. Imeuliza maswali mengine kabisa: mtu alikuwa na nia gani? Je, alidai kuwa na haki juu ya kitu hicho? Alikuwa na nani? Ilikuwa saa ngapi? Tatizo la mkalimani si uhaba wa maneno. Mipaka ya maneno ya lugha hizi mbili imepita mahali tofauti, kama mashamba mawili yaliyopimwa na wapimaji wasiowahi kukutana.

Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, iliyoanza kutumika mwaka 1930, huyachukua maneno haya ya kawaida na kuyageuza istilahi. Kwa mujibu wa kifungu cha 268, mtu huwa ame-'steal' iwapo, kwa hila na bila kudai haki, amechukua kitu kinachoweza kuibwa. Hapa vijenzi vya maana ni vitatu angalau: kuchukua, hila, na kutokuwepo kwa dai la haki. Neno 'iba' katika Kiswahili cha kila siku linavibeba vyote vitatu, ingawa kwa ulegevu. Hatari ipo kwenye neno 'chukua', ambalo Wakenya wengi hulitumia kwa staha badala ya 'iba': 'amechukua simu yangu', 'nani amechukua kuku?' Mkalimani anayechagua 'chukua' ili asimwaibishe mshtakiwa amekiacha kijenzi kimoja na kuvitupa viwili. Adhabu ya jumla ya wizi, kulingana na kifungu cha 275, ni kifungo kisichozidi miaka 3.

'Robbery' hujengwa juu ya wizi huo. Kifungu cha 295 huongeza kwamba mwizi ametumia nguvu, au ametishia kuzitumia, dhidi ya mtu au mali, wakati wa kuiba au muda mfupi kabla au baada yake, ili apate kitu au abaki nacho. Ni muhimu kutambua kwamba nguvu zinaweza kuja baadaye. Mtu aliyechopoa pochi kimyakimya, akafuatwa na mwenyewe, akamsukuma ili aondoke nayo, alianza katika neno moja la Kiingereza na kumalizia katika jingine. Kwa Kiswahili cha mtaani bado ataitwa mwizi tu, na sauti ya 'Mwizi!' ikipigwa sokoni au kwenye kituo cha matatu haitofautishi kati ya aliyedokoa ndizi na aliyeshika panga. Wapo waliouawa kwa sababu ya neno hilo moja kabla hawajafikishwa mbele ya hakimu ambaye angewatofautishia.

Kiungo cha hatari zaidi kimo katika kifungu cha 296. Kijifungu cha kwanza huweka adhabu ya kifungo cha miaka 14 kwa 'robbery' ya kawaida. Kijifungu cha pili huandika adhabu ya kifo iwapo mhalifu alikuwa na silaha ya hatari, au alikuwa pamoja na mtu mwingine mmoja au zaidi, au alimjeruhi, kumpiga au kumtendea mtu ukatili mwingine wa kimwili. Neno lenye uzito hapo ni 'au'. Sharti moja latosha. Wawili wasio na hata fimbo, waliomtishia mpita njia na kumnyang'anya saa, wamo ndani ya kijifungu hicho sawasawa na mwenye bunduki.

Magazeti na redio za Kenya zimelizoea tamko 'wizi wa mabavu', nalo si baya, maana limehifadhi wizi na limehifadhi nguvu. Tamko 'unyang'anyi wa kutumia silaha', linalosikika sana Tanzania, linafaa kule kwa kuwa sheria ya huko ina kosa linalohusu silaha waziwazi. Likiazimwa na mkalimani wa Kenya, huwa limeharibu kila kitu. Mshtakiwa atajibu kwa moyo mweupe, 'Sikuwa na silaha', akidhani amekana shtaka, kumbe hakuligusa. Inafaa kukumbuka kwamba ingawa hakuna aliyenyongwa nchini Kenya tangu mwaka 1987, hukumu yenyewe iliendelea kutolewa. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi ya Muruatetu, kwamba ulazima wa adhabu ya kifo kwa kosa la 'murder' ni kinyume cha Katiba. Mwaka 2021 mahakama iyo hiyo ikafafanua kwamba uamuzi wake ulihusu kosa hilo peke yake, wala haukuenea kwa 'robbery'. Tofauti ya maneno, kwa hiyo, ilikuwa pia tofauti ya nani angeweza kurudi mbele ya jaji kuomba apunguziwe adhabu kwa msingi wa uamuzi huo.

Neno 'burglary' ndilo linalotafsiriwa vibaya kuliko yote, na kosa lenyewe linafundisha mengi. 'Wizi wa kuvunja nyumba' ni tafsiri iliyozoeleka hata hakuna anayeihoji. Lakini kifungu cha 304 hakisemi kwamba kitu kiibwe. Kinasema kwamba mtu avunje na kuingia katika jengo, hema au chombo kinachotumiwa na watu kuwa makazi, akiwa na nia ya kutenda kosa kubwa humo ndani. Kosa hilo linaweza kuwa wizi, na linaweza kuwa jingine kabisa. Mtu akikamatwa akiwa amesimama katikati ya sebule, mikono mitupu, shtaka limekwisha kutimia. Tafsiri iliyozoeleka imeingiza wizi mahali ambapo haupo, na mshtakiwa anayesema 'Sikuiba chochote' anasema kweli tupu isiyomsaidia.

Kitenzi 'vunja' nacho ni mtego. Katika Kiswahili, kilichovunjwa huacha vipande: kioo, kufuli, mlango. Katika sheria, kifungu cha 303 kinahesabu kuwa ni 'break' hata kufungua kwa ufunguo, kuvuta, kusukuma au kuinua mlango au dirisha lililofungwa. Aliyesukuma mlango uliorudishwa tu, usio na komeo, amevunja nyumba bila kuvunja kitu. Mkalimani akiuliza, 'Je, ulivunja nyumba?' mshtakiwa atajibu kwamba hakuvunja, na hakimu ataandika kwamba amekana. Au, baada ya kusukumwa kwa maswali, atakubali kwamba aliingia, na itaandikwa kwamba amekiri.

Kisha kuna suala la saa. Kitendo kilekile kikifanyika mchana huitwa 'housebreaking', na adhabu yake haizidi miaka 7. Kikifanyika usiku huitwa 'burglary', na adhabu hupanda hadi miaka 10. Usiku wenyewe haukuachiwa macho ya watu. Umetajwa kuwa ni kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hapa mtu wa Kiswahili ana manung'uniko yake halali, kwa sababu lugha yake ina magharibi, usiku wa manane, alfajiri na mapambazuko, na kwake saa kumi na mbili na robo asubuhi si usiku hata kidogo. Kuku wameshatoka bandani. Kijenzi cha wakati kimo ndani ya neno la Kiingereza kama kokwa ndani ya tunda, na tafsiri 'wizi wa kuvunja nyumba' haina hata ganda lake.

Jozi ya 'murder' na 'manslaughter' haihitaji maelezo marefu, ila kwa jambo moja. Kwa kawaida huambiwa kwamba la kwanza ni 'mauaji ya kukusudia' na la pili ni 'kuua bila kukusudia'. Mgawanyo huo unafaa kwa gazeti. Lakini kifungu cha 206, kinachoeleza ile nia mbaya inayolitenga kosa la kwanza, hakihitaji kwamba mtu awe alikusudia kuua. Hutosha kwamba alikusudia kumdhuru mwenzake vibaya. Kwa hiyo mshtakiwa anayesema, 'Nilitaka kumvunja miguu tu, sikukusudia afe', akitumaini kwamba amejiondoa kwenye kosa la kwanza, amejitia ndani yake kwa kinywa chake. Aidha, Kiswahili huliacha neno 'nia' libebe mizigo miwili ambayo Kiingereza cha sheria huitenganisha: 'intention', yaani kile ambacho mtu amekusudia kitokee, na 'motive', yaani kilichomsukuma akikusudie. Kifungu cha 9 kinasema kwamba hicho cha pili hakina uzito katika kuamua hatia, isipokuwa pale sheria inapoeleza vingine waziwazi. Mtu akiulizwa, 'Nia yako ilikuwa nini?' atajibu kwamba watoto walikuwa na njaa. Ni jibu la kweli kwa swali ambalo mahakama haikuuliza. Pengine 'kusudi' kwa la kwanza na 'kichocheo' kwa la pili yangefaa, iwapo yatatumiwa kwa uthabiti.

Mambo haya yana makao yake halisi. Nchini Kenya lugha ya Mahakama Kuu, kwa mujibu wa Sheria ya Taratibu za Makosa ya Jinai, ni Kiingereza, na ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Mashtaka huandikwa kwa Kiingereza na kusomwa, aghalabu, na karani wa mahakama anayegeuka kuwa mkalimani papo hapo, akiwa amesimama, faili mkononi, bila kamusi. Ibara ya 50 ya Katiba ya mwaka 2010 humpa mshtakiwa haki ya kuelezwa shtaka kwa lugha anayoielewa, pamoja na mkalimani asiyemlipa. Nayo Ibara ya 259 hutamka kwamba pakitokea mgongano kati ya matoleo ya lugha mbalimbali ya Katiba hiyo, la Kiingereza ndilo litakaloshinda. Tanzania ilichukua njia nyingine mwaka 2021, Bunge lake lilipopitisha marekebisho ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Lakini hata huko istilahi zenyewe zilikuwa zimekwisha kupimwa kwa Kiingereza, na kazi ya kuvipima vijenzi vyake upya haikwepeki.

Mwongozo ulio bora zaidi kwa mkalimani haukutoka kwa wanaisimu. Katika uamuzi wa mwaka 1973 wa kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliagiza kwamba shtaka, pamoja na viungo vyake vyote muhimu, lielezwe kwa mshtakiwa kwa lugha yake au lugha anayoielewa. Kwamba maneno yake mwenyewe yaandikwe. Kwamba akikiri, asimuliwe mambo yalivyotukia na apewe nafasi ya kuyapinga. Na kwamba akiyapinga, ihesabiwe kuwa amekana. Majaji walizungumzia viungo vya kosa, kama mpishi azungumziavyo viungo vya pilau. Mwanasemantiki anapozungumza juu ya vijenzi vya maana huwa anakusudia jambo lilo hilo. Ukalimani wa neno kwa neno hauwezi kulitimiza agizo hilo. Ukalimani wa kiungo kwa kiungo unaweza.

Ichukuliwe kwamba mtu ameshtakiwa kwa kuiba baiskeli. Alimkopesha jirani pesa, jirani akakataa kulipa, naye akaenda mchana, watu wakiona, akaichukua baiskeli ya mdaiwa wake akiamini kwamba ana haki ya kuishika hadi alipwe. Karani akimsomea, 'Unashtakiwa kwamba ulichukua baiskeli ya fulani. Ni kweli au si kweli?' atajibu, 'Ni kweli', na itaandikwa kwamba amekiri. Karani akitumia 'uliiba', huenda atakana, na huenda atakiri kwa woga, kwani hilo hutegemea moyo wake siku hiyo. Lakini karani akivunjavunja neno 'steal' kama sheria ilivyolijenga, atauliza mara tatu: Je, uliichukua baiskeli hii? Je, uliichukua kwa hila? Je, ulipoichukua, ulijua kwamba huna haki yoyote juu yake? Jibu la kwanza litakuwa ndiyo. La pili litakuwa hapana. La tatu litakuwa maelezo marefu kuhusu deni, tarehe na mashahidi, na hakimu atalazimika kuweka kalamu kwenye safu ya waliokana.